Kielelezo cha Magurudumu Matatu

Wako watu wenye midomo wanaosema kwamba Jamhuri ya Subira haiwajali watu wake. Maneno hayo hayana ukweli hata chembe. Subira inawahesabu watu wake kila mwaka, inawahakiki kila miezi mitatu, na akipotea mtu mmoja katika hesabu, kikao huitwa haraka, chai hunywewa, na mtu huyo hutangazwa kuwa hayupo, hata kama amekaa hapo mlangoni akisubiri kuitwa.

Mwalimu Mbwana Kitundu ni mmoja wa waliojaliwa. Alikuwa akifundisha hesabu katika Shule ya Msingi Jitahidi. Mwaka ambao Waziri alitarajiwa kuitembelea shule hiyo, Mbwana aliagizwa apande juu ya paa kupigilia bango kubwa lililoandikwa USALAMA KWANZA. Ngazi haikuwapo, kwa hiyo alikanyaga dirisha, kisha bega la mwalimu mkuu. Akapigilia misumari mitatu. Wa nne ulimponyoka, naye akaufuata. Waziri hakuja. Miguu ya Mbwana haikusimama tena tangu siku hiyo, na Wizara, ambayo haimsahau mtu, ilimwandikia barua ya kumpongeza kwa kuwa bango halikuchanika.

Mdogo wake, Mwamvita, aliisoma barua hiyo mara moja, akaitumia kuwashia jiko.

Mwamvita alikuwa fundi pikipiki. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko la ndizi, na humo aliziamsha pikipiki ambazo mafundi wengine walikuwa wameshazisomea dua. Wateja wageni walizoea kuchungulia ndani na kumuuliza fundi yuko wapi. Naye aliwajibu, "Ametoka kidogo. Hebu nikutengenezee kabla hajarudi." Wakishatengenezewa waliondoka wakimwachia salamu za kumfikishia fundi.

Kila asubuhi Mwamvita alimpakia kaka yake nyuma ya pikipiki, akamfunga kwa mpira kama godoro la bibi harusi, akampeleka shuleni maili nne. Kila jioni alimfuata. Miaka miwili ilipita hivyo.

"Mwamvita, leo umenikaza mno," Mbwana alikuwa akisema.

"Jana ulisema nimelegeza."

"Jana nilikaribia kubaki kwenye kona ya kisima."

"Basi leo hubaki, Kaka. Shikilia daftari."

Walitaniana, lakini Mwamvita alijua kuwa kaka yake anaumia. Mbwana alikuwa mtu wa kutembea kwa hatua ndefu, akisalimia huku na huku. Sasa alifika mbele ya wanafunzi wake akifunguliwa mipira. Hakulalamika hata siku moja, na kutolalamika kwake ndiko kulikomkera Mwamvita kuliko kitu chochote.

*

Mambo yakaenda hivyo mpaka ulipotoka Waraka Namba Tisa.

Waraka huo ulikuwa dhidi ya watumishi hewa. Subira ilikuwa na watumishi hewa wachapakazi sana. Walihudhuria semina zote, walipandishwa vyeo kwa wakati, na mmoja wao alibakiza kidogo tu awe Katibu Mkuu, ila siku ya kuapishwa hakutokea. Uchunguzi uligundua kwamba watumishi hao wote walikuwa na tabia moja: walikuwa wakifikishwa kazini na watu wengine, kwa maana ya kutiliwa saini. Serikali ikakaa, ikafikiri, ikatoa dawa. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, kila mtumishi atafika kituoni kwake na kutia saini kabla ya saa moja na nusu asubuhi, tena atafika mwenyewe, "bila kuletwa, kubebwa, kusukumwa wala kukokotwa na mtu mwingine yeyote." Mkaguzi atakaa getini. Atakayeletwa atahesabiwa kuwa ni mzigo. Atakayekosa siku moja atafutwa.

Mbwana aliusoma waraka mara mbili kwa sauti ya darasani, kisha akaukunja.

"Kiti cha magurudumu?" Mwamvita aliuliza.

"Kwa barabara ile?"

Barabara ya kwenda shuleni ilikuwa imejaa mawe ya msingi. Kila kiongozi aliyepita alikuwa ameweka lake kuzindua ujenzi wa barabara hiyo, mengine katikati kabisa, yakiwa na maandishi ya dhahabu. Pikipiki iliweza kuyazunguka. Kiti cha kusukuma kwa mikono kisingefika hata jiwe la pili.

"Nina watoto arobaini na wanane wa darasa la saba," Mbwana alisema. "Ndio kwanza wameanza kuelewa sehemu. Nikifutwa mimi, watafundishwa hesabu na mwalimu wa kuimba." Akaongeza, "Na mimi nitakuwa nani, Mwamvita? Nitakaa hapa nihesabu mabati?"

Mwamvita alitoka nje, akaiangalia pikipiki yake kwa muda, kisha akageuka kuangalia mzoga wa gari dogo uliokuwa umelala nyuma ya soko tangu enzi za diwani aliyepita, kuku wakitagia ndani. Ilikuwa miezi mitatu kabla ya Jumatatu hiyo.

*

Kazi aliianza kwa kuwahamisha kuku.

Mbele alichukua pikipiki: injini, tangi, foku yenye gurudumu la mbele, na usukani. Nyuma alichukua gari: ekseli, difu, breki na kile kiti kirefu ambacho diwani alikuwa akilalia akitoka kwenye vikao. Ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ilikuwa pana mno, ingegonga kila jiwe la msingi njiani, hivyo aliikata pande zote mbili, akaifupisha, akaichomelea upya. Ilipinda. Akaikata tena. Mara ya tatu ilinyooka, na majirani waliokuwa wamekuja kucheka wakaanza kushika tochi. Mnyororo wa pikipiki aliufunga kwenye difu, lile bakuli la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Breki na gia, ambazo kwa kawaida hukanyagwa, alizihamishia mikononi kwa fimbo mbili za chuma, akazifunika vishikio kwa mpira wa ndani ya tairi ili zisimchubue kaka yake.

Tatizo kubwa lilikuwa kurudi nyuma. Pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, na mtu asiyeweza kushuka na kuisukuma akiingia kwenye uchochoro ndiyo ameshahamia. Mwamvita aliumiza kichwa siku nne. Siku ya tano alichukua stata ya gari, ile mota inayoamsha injini, akaifunga pembeni ya ekseli na kuiunganisha na betri. Ukibonyeza kitufe, chombo kinarudi nyuma polepole kikilia kama paka aliyekanyagwa. Kilirudi nyuma vizuri sana, na wazee wakasema hicho sasa ni chombo cha Subira kweli.

Wakakiita Mafiga, kwa kuwa kilikaa juu ya vitatu kama chungu.

Siku ya kukijaribu walikwenda uwanja wa mpira. Mbwana alivuta fimbo ya kwanza, Mafiga ikaruka kama mbuzi. Akavuta taratibu, ikaenda. Alizunguka goli la huku, akazunguka goli la kule, akapita mbele ya watu akiinua mkono mmoja kusalimia, na alipofika kwa mdogo wake akasimama mwenyewe, kwa breki zake mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtoka wala hakuyafuta.

"Imekaza au imelegea?" Mwamvita aliuliza.

"Iko sawa," alisema Mbwana. "Mdogo wangu, iko sawasawa."

Mwamvita alijifanya anakagua nati, kwa sababu na yeye alikuwa na haja ya kuinama.

*

Sasa kilibaki kibao cha namba tu, jambo dogo. Mwamvita alikwenda Wizara ya Magurudumu akiwa na picha sita za Mafiga ndani ya bahasha.

Wizara hiyo ilikuwa na mpangilio mzuri. Ghorofa ya pili ilikuwa Idara ya Magurudumu Mawili, na ghorofa ya nne ilikuwa Idara ya Magurudumu Manne. Ghorofa ya tatu ilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Watu wa ghorofa ya pili waliziangalia picha wakasema gurudumu moja limezidi, apande juu. Watu wa juu wakasema gurudumu moja limepungua, ashuke chini. Alipanda na kushuka mara tano, mpaka mlinzi wa ngazi akaanza kumwamkia kama mfanyakazi. Mwishowe alipelekwa kwa Mkurugenzi Msaidizi wa Magurudumu, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba kalamu.

"Mama," alisema Mkurugenzi Msaidizi, "Serikali yako inakupongeza kwa moyo wako wa kizalendo. Sasa niambie, chombo hiki kimetoka nchi gani?"

"Hii hii, Mheshimiwa."

"Naelewa. Lakini kabla ya hapa kilikuwa wapi?"

"Kabla ya hapa kilikuwa pikipiki na gari."

Mkurugenzi Msaidizi alitabasamu kwa huruma. Alimfungulia fomu na kumwonyesha. Swali la kwanza lilikuwa: Bandari ya kuingilia. La pili: Jina la meli.

"Unaona? Gari ni kitu kinachoingia. Kitu kisichoingia tutasemaje kimefika?"

"Bajaji zina magurudumu matatu na mmezipa namba."

"Bajaji zimetoka ng'ambo," alisema Mkurugenzi Msaidizi. "Tulizisajili kuwa ni za magurudumu manne, moja likiwa bado njiani. Tunalisubiri." Akasimama, akatazama dirishani kana kwamba kuna umati chini. "Lakini usivunjike moyo. Tutaunda Kamati ya Gurudumu la Tatu. Kamati itasafiri nchi saba zenye vyombo vya magurudumu matatu, ikajionee. Ikirudi itaandika ripoti. Ripoti itajadiliwa. Na aliyetengeneza chombo hiki ataalikwa kutoa maoni. Ni nani huyo fundi?"

"Ni mimi."

"Aa," alisema Mkurugenzi Msaidizi, akarudi kitini. "Basi mwambie asubiri barua."

*

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne ilifika, ila barua haikufika. Kamati ilikuwa bado nchi ya kwanza, inajionea.

"Ukitoka na hii watakukamata," Mwamvita alimwambia kaka yake saa kumi na mbili asubuhi.

"Nisipotoka watanifuta. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Washa."

"Washa mwenyewe. Hukusoma waraka?"

Akawasha mwenyewe. Mwamvita alipanda kiti cha nyuma kwa ajili ya ushahidi, wakaondoka. Waliyazunguka mawe ya msingi yote tisa salama salimini. Baada ya jiwe la tisa, mbele ya kituo cha polisi, Koplo Matimbwa aliinua mkono.

Koplo Matimbwa alikuwa na tumbo dogo, kitambi cha kukopa, na sheria nyingi kichwani. Alikizunguka chombo mara mbili. Alipapasa mahali ambapo kibao cha namba kilipaswa kuwa.

"Mwalimu, shikamoo. Hiki chombo hakina namba."

"Marahaba, afande. Hakina."

"Basi uko chini ya ulinzi, na chombo ni kielelezo. Unatakiwa mahakamani pamoja nacho saa tatu asubuhi." Akakohoa kidogo, akapunguza sauti. "Ila kuna jambo. Gari la kituo lina kila kitu, isipokuwa mafuta na injini. Na kanuni inasema mshtakiwa na kielelezo vipelekwe mahakamani chini ya ulinzi wa askari, kwa usafiri wowote utakaopatikana."

Wote watatu wakakitazama kielelezo.

"Mahakama iko mbele, ukishapita shule," alisema Mwamvita polepole.

"Ukishapita shule," alikubali Koplo, akapanda nyuma, akaweka bunduki katikati ya magoti. "Endesha, Mwalimu. Lakini ujue umekamatwa."

Saa moja na dakika ishirini Mafiga ilisimama kwenye geti la Shule ya Msingi Jitahidi. Mkaguzi alitoka na daftari, akachungulia huku na huku akitafuta aliyemleta. Alimwona mwanamke na askari wamekaa nyuma wamenyamaza kama abiria. Akamwona Mbwana ameshika usukani.

"Nani kakuleta?" aliuliza Mkaguzi.

"Nimekuja mwenyewe."

"Na huyu askari?"

"Nimemleta mimi."

Mkaguzi alifungua waraka, akausoma wote, hata ukurasa wa mwisho wenye jina la mchapaji. Haukukataza mtu kufika akiwa amekamatwa. Mbwana akatia saini, tena kwa herufi kubwa kuliko siku zote.

*

Mahakamani ilisomwa hati ya mashtaka. Ilisema kwamba mshtakiwa alikutwa akiendesha chombo chenye magurudumu yasiyotambulika, "kilichotengenezwa na watu wasiojulikana, mahali pasipojulikana, kwa nia isiyojulikana." Mwamvita, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na grisi kwenye kucha, aliinua mkono. Karani alimwashiria aushushe.

Mwendesha Mashtaka alisimama, akaweka vizuri koti lake, akatamka sentensi ambayo kila mtoto wa Subira huijua kabla ya kujua jina la babu yake:

"Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika."

Hakimu, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliahirisha kesi mpaka kesho yake. Ikaja hoja ya kielelezo kikae wapi. Ua wa kituo ulikuwa umejaa vielelezo: magari, milango, mbuzi waliokuja wawili na sasa walikuwa kumi na mmoja. Hapakuwa na pa kuweka hata baiskeli. Hakimu akaandika amri, akaigonga muhuri: mshtakiwa atakaa na kielelezo nyumbani kwake, atakitunza kisiharibike, na atakileta mahakamani kila asubuhi bila kukosa mpaka kesi iishe.

Mwamvita aliomba aione karatasi hiyo. Aliisoma pale pale kwenye ngazi za mahakama, kisha akamtazama kaka yake, na wote wawili wakacheka mpaka Koplo Matimbwa akawakumbusha kuwa wamo katika matatizo makubwa.

Jioni hiyo Mwamvita alichomelea fremu ndogo mbele ya Mafiga, mahali pa kibao cha namba, akaandika kwa rangi nyeupe: KESI NA. 214.

*

Kuanzia hapo hakuna chombo kilichoheshimiwa barabarani kama Mafiga. Trafiki walikisimamisha, wakasoma namba ya kesi, wakapiga saluti, kwani kukizuia kungekuwa ni kuingilia mahakama. Kila siku Mbwana alitia saini shuleni saa moja na robo, alifundisha vipindi viwili, alikimbilia mahakamani kusikiliza kuwa upelelezi haujakamilika, na saa nne alikuwa amesharudi mbele ya darasa la saba akieleza sehemu. Watoto walielewa sehemu vizuri mno. Walikuwa na mfano wa chombo kilichokuwa nusu pikipiki, nusu gari na kizima mashtaka.

Mbwana alirudia kusalimia watu huku na huku. Alinenepa kidogo. Siku za Jumamosi alimpitia Koplo Matimbwa, wakaenda kununua samaki chini ya ulinzi.

Habari zikaenea. Watu waliokuwa wameficha vitu vyao uani wakaanza kuvitoa. Mtu mmoja alikuwa na pampu ya maji inayozungushwa na punda, amenyimwa kibali chake miaka sita. Alikwenda kituoni mwenyewe kuomba ashtakiwe. Mwingine alikuwa na redio ya kijiji. Kituoni palikuwa na foleni, na Koplo aliwaambia wawe wastaarabu, kila mtu atakamatwa kwa zamu yake.

Miezi saba ilikwenda hivyo. Ilibaki mitatu watoto wafanye mtihani.

*

Mzee Hakimu akastaafu, akaletwa Hakimu Nyamizi.

Hakimu Nyamizi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na haraka. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alipofungua jalada namba 214 na kukuta mwalimu asiyeweza kutembea ameburutwa mahakamani siku mia moja arobaini na sita, macho yalimwiva kwa hasira. Wiki hiyo hiyo makao makuu yalikuwa yametangaza Wiki ya Kumaliza Kesi.

"Upelelezi umefikia wapi?" alimuuliza Mwendesha Mashtaka.

"Mheshimiwa, bado haujakamilika."

"Umeanza?"

Mwendesha Mashtaka alitazama saa yake, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Katika miaka yake kumi na minane ya kazi hakuwahi kuulizwa swali hilo.

Mbwana alipauka. Mwamvita akaona mikono ya kaka yake inashika ukingo wa kizimba kama siku ile alipomkuta chini ya bango. Aliinuka benchini.

"Mheshimiwa, naomba upelelezi uendelee. Kuna nati mbili za chini hazijachunguzwa. Na hiyo difu, mimi siiamini hata kidogo."

"Wewe ni nani?"

"Dada wa mshtakiwa."

"Nenda ukakae, mama. Najua umechoka na hangaiko hili. Linakwisha leo." Hakimu Nyamizi akavua miwani, sauti yake ikalainika. "Mwalimu Mbwana Kitundu, mahakama inakuomba radhi. Hakuna ushahidi wowote dhidi yako. Kesi imefutwa. Uko huru wewe na chombo chako, na hakuna atakayekushtaki tena kwa jambo hili."

Walioachiwa huru mahakamani hapo huwa wanapiga vigelegele. Mbwana aliinamisha kichwa.

"Mbona hufurahi?" aliuliza Hakimu.

"Nashukuru kwa uhuru, Mheshimiwa," alisema Mbwana. "Ila kilipokuwa kielelezo, kiliruhusiwa barabarani. Sasa ni chombo tu kisicho na namba; mimi sitashtakiwa, ila chenyewe kitazuiwa barabarani. Kesho saa moja na nusu natakiwa shuleni, na shule iko maili nne."

Akamweleza yote, waraka, wizara, bandari na meli, kwa utaratibu, kama anayefundisha. Hakimu Nyamizi alisikiliza. Alifungua kitabu kimoja cha sheria, akakifunga, akafungua kingine. Hukumu alikuwa ameshaitamka. Hasira yake ilikuwa imegeuka aibu, na ilionekana wazi usoni.

"Koplo," alinong'ona Mwamvita, "mkamate tena basi."

"Siwezi, Fundi," alinong'ona Koplo Matimbwa, na yeye macho yamemlegea. "Hujasikia? Mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa lile lile. Yeye tena haguswi. Labda apatikane mtu mwingine."

Mwamvita alikaa na neno hilo. Gereji ilikuwa na pikipiki nne zinazosubiri, na yeye hakuwahi kushtakiwa maishani mwake. Alimtazama kaka yake pale kizimbani, akihangaika kutafuta mahali pa kuweka mikono yake. Kisha akatembea mpaka mbele kabisa, mahali wasipofika wasioitwa.

"Mheshimiwa, hati inasema chombo kimetengenezwa na watu wasiojulikana."

"Ndiyo, hivyo ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi najulikana. Naitwa Mwamvita Kitundu. Ekseli nimeikata mimi mara tatu. Hiyo stata inayorudisha nyuma nimeiwaza siku nne mpaka nikakosa usingizi. Nimekitengeneza chote, bila bandari wala meli, wala sikumwomba mtu ruhusa. Kama ni kosa, ni langu, wala sijutii hata nati moja."

Mwendesha Mashtaka aliinua uso, na mwanga ukamrudia. Koplo Matimbwa alikuwa ameshafika pembeni ya Mwamvita na kumshika mkono kwa heshima zote.

Hakimu Nyamizi alimtazama mwanamke huyo, akamtazama Mbwana, akavaa miwani yake polepole.

"Hili ni kosa jipya," alisema.

"Jipya kabisa, Mheshimiwa," alisema Koplo.

"Na kielelezo?"

"Ni kile kile, Mheshimiwa. Bahati mbaya ua bado umejaa mbuzi."

"Basi kitatunzwa na Mwalimu Mbwana Kitundu, mtu ambaye mahakama hii haina shaka naye. Atakileta kila asubuhi pamoja na mshtakiwa." Aliandika, akageukia Koplo. "Upelelezi wa jinsi kilivyotengenezwa utachukua muda gani?"

Koplo alifikiri kwa uaminifu. "Kimetengenezwa vizuri mno, Mheshimiwa. Itachukua miaka."

Karani alijaza hati mpya, akamsogezea Mwamvita atie saini. Aliisoma bila haraka. Chini ya neno Mtengenezaji kulikuwa na jina lake lote, kwa wino wa serikali, na mbele yake, Kazi: fundi. Alilisoma tena akilifuata kwa kidole. Halafu akamuuliza Karani kama anaweza kupewa nakala yake, ya kubandika ukutani gereji.

Karani akamwambia aje kesho. Na Mwamvita, ambaye alikuwa ameambiwa hivyo katika kila ofisi ya Subira, safari hii alifurahi, kwa kuwa kesho alikuwa anakuja kwa vyovyote, akageuka kumwambia kaka yake.